Tromboni ya Melba Liston na Bendi za Askari

Gwaride linapopita, macho ya watazamaji huwafuata wenye bunduki, lakini miguu ya gwaride zima huifuata bendi. Askari hahitaji kufundishwa jambo hilo. Ndiyo maana nimeona inafaa kuwaletea askari na polisi wetu, hususan walioko huku Arua na Koboko, habari za Melba Liston, Mmarekani mweusi aliyeishi kwa kupuliza tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta na kusukuma ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa mali ya wanaume.

Alizaliwa Kansas City tarehe 13 Januari 1926, na tromboni aliichagua mwenyewe akiwa mtoto wa miaka 7. Mwaka 1937 jamaa zake walihamia Los Angeles, na alipotimiza miaka 16 alikuwa tayari akilipwa kwa kupiga muziki katika ukumbi wa Lincoln mjini humo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado haijakwisha alipoingia katika bendi kubwa ya Gerald Wilson. Mwaka 1947 akatia sauti katika santuri pamoja na mpiga saksafoni Dexter Gordon. Mwaka 1949 akafuatana na mwimbaji Billie Holiday katika safari ya majimbo ya kusini, safari iliyokosa watazamaji, ikakosa fedha, na kumvunja moyo hata akaiweka tromboni chini na kwenda kufanya kazi katika ofisi za elimu za Los Angeles.

Hapana budi tuseme wazi jambo lililokuwa likimsumbua zaidi ya umaskini. Katika uzee wake Melba Liston alieleza bila kuficha kwamba katika safari za bendi alidhulumiwa na kunajisiwa na wanaume. Nalitaja hili katika ukurasa unaosomwa na askari kwa sababu kuna wakubwa ambao, wakiombwa kuwaingiza wasichana katika bendi, hujibu kwamba mwanamke kati ya wanaume wengi huleta utovu wa nidhamu. Jibu hilo limepinduliwa miguu juu. Utovu wa nidhamu ni wa yule anayedhulumu na wa kamanda anayegeuza uso pembeni. Kumfungia mlango msichana ni kumwadhibu aliyekosewa na kumwacha mkosaji na tarumbeta lake.

Kamanda mwema anaonekana katika habari za mwaka 1956. Mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alipewa kazi na serikali ya Marekani kupeleka bendi katika nchi za Mashariki ya Kati na jirani zake, akamwita Melba arudi. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wapigaji walinung'unika wakiuliza mwanamke ametolewa California kwa sababu gani. Gillespie hakuhutubia. Aliwagawia karatasi za nyimbo alizozipanga Melba, akawaamuru wapige. Hawakufika mbali kabla ya kuanza kukosea, kwa jinsi mpango ule ulivyokuwa mgumu na mzuri. Manung'uniko yakaisha siku hiyo, na baadaye wale wale wakawa wanamwita Mama.

Kupanga muziki ni kazi ambayo msikilizaji haioni. Mtunzi huleta wimbo. Mpangaji ndiye anayeamua tarumbeta ziingie wapi, saksafoni zinyamaze lini, tromboni zibebe uzito gani chini ya sauti zote. Ni kazi inayofanana sana na ya ofisa wa mipango katika makao makuu ya kikosi: vita vikishinda, jina linalotajwa ni la jemadari. Melba alitoa kwa jina lake santuri ndefu moja tu, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kuitwa Melba Liston and Her 'Bones. Sehemu kubwa ya kazi yake imo ndani ya santuri za watu wengine, hasa za mpiga piano Randy Weston.

Na hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Mwezi Novemba 1960, mwaka ambao mataifa 17 ya Afrika yalijipatia uhuru, Weston alirekodi mjini New York santuri iitwayo Uhuru Afrika. Alikuwa ameuliza katika mabalozi wa Kiafrika ni lugha gani ifaayo kusema kwa niaba ya bara zima, akajibiwa Kiswahili. Shairi aliloliandika Langston Hughes likasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, na nyuma yake likapangwa jeshi la wapigaji zaidi ya 20. Aliyewapanga ni Melba Liston. Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo.

Huku West Nile Kiswahili kilitufikia zaidi kwa njia ya kambi, pamoja na askari wa King's African Rifles, na kwa Waganda wengi kilibaki masikioni kama lugha ya amri na makemeo. Kumbe wakati uleule lugha hiyohiyo ilikuwa inatangaza uhuru juu ya muziki uliopangwa na mwanamke! Sielewi kwa nini habari hii haisimuliwi katika kambi zetu.

Wala mfano wa wanawake wenye sare si mgeni katika Afrika. Guinea iliunda bendi ya wanawake watupu mwaka 1961 kutoka katika jandarmeri yake, yaani askari wenye kazi za polisi. Waliitwa Les Amazones de Guinée. Walipiga magitaa, saksafoni na ngoma wao wenyewe, na mwaka 1983 wakatoa santuri iliyorekodiwa Paris. Basi bendi za vikosi vyetu zitakapotafuta vijana huku kwetu, wasichana wa Arua na Koboko wapewe tromboni mkononi wakajaribiwe kama wenzao, badala ya kupelekwa moja kwa moja kwenye uimbaji. Wafundishwe na kuandika noti.

Melba alipatwa na kiharusi mwaka 1985, akashindwa kupuliza tena. Alijifunza kupanga muziki kwa kompyuta, na mwaka 1991 akampangia Weston santuri ya The Spirits of Our Ancestors. Alifariki tarehe 23 Aprili 1999. Atakayeipata Uhuru Afrika na aanze na sauti ya Sanga, kisha asikilize wimbo wa African Lady, ambao Weston aliutunga kwa heshima ya wanawake weusi.