Mbps Zimetosha, Leteni Seva

Kijana wa Lavington analalamika kwamba Call of Duty inaganda. Kampuni ya intaneti inamjibu vile inavyomjibu kila mtu: pandisha kifurushi. Analipa zaidi, mchezo unazidi kuganda, na mwezi ujao mazungumzo ni yale yale.

Michezo mingi ya mtandaoni haili hata Mbps 1 mechi ikiendelea. Kinachoiharibu ni kuchelewa, yaani muda wa amri yako kufika kwenye seva na jibu kurudi. Mwanga ndani ya faiba huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kila kilomita 1,000 zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Frankfurt iko takriban kilomita 6,300 kutoka Nairobi kwa mstari ulionyooka, na kebo hazinyooki: zinateremka Mombasa, zinapanda Bahari ya Shamu, ndipo zifike Ulaya. Hakuna kifurushi kinachofupisha safari hiyo.

Sasa mpambanishe huyo wa Lavington na mwenzake wa Kangemi. Kati yao ni safari fupi ya matatu, lakini risasi zao zinakutania Johannesburg au Ulaya. Vijana wawili waliobanana mbele ya runinga moja kwenye kibanda cha pleistesheni wanacheza vizuri kuliko wao, tena kwa shilingi chache.

Dawa tunaijua maana tuliwahi kuitumia. Zamani barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa wa nyingine ilipanda setilaiti, ikazunguka ng'ambo, ikarudi. Mwishoni mwa 2000 kampuni zikaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data hapa hapa jijini. Telkom, iliyokuwa na ukiritimba, ikalalamika, kituo kikafungwa, kikafunguliwa tena 2002. Kwa hivyo njia fupi ipo. Kinachokosekana ni seva za michezo kwenye njia hiyo. Counter-Strike na Minecraft zinamruhusu yeyote kuendesha seva yake. Kampuni nzima ya intaneti inashindwaje? Wenye michezo mingine waendewe na kampuni zetu kwa sauti moja, si kila moja kivyake. Kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, mechi ya Nairobi kwa Nairobi haikuwa na sababu ya kuguswa.

Halafu kuna ruta. Mtu mmoja nyumbani akituma video, data kidogo ya mchezo inakwama nyuma yake, kama mnunuzi wa mkate mmoja nyuma ya toroli la vitu vya mwezi mzima. Programu ya kupanga foleni hiyo kwa haki, fq_codel, ni ya bure na imo kwenye Linux tangu 2012. Kampuni zinazogawa ruta Kilimani na Westlands ziiwashe kabla ya kumtuma fundi. Nawe, kama ruta iko hatua chache kutoka kwa runinga, nunua waya. Wi-Fi yako inagombania hewa na ya fleti nzima.

Na mtu wa mauzo akikupigia, muulize seva iko wapi na ruta yao inapangaje foleni. Akianza kutaja Mbps, kata simu.