Kazi Ionekane, Heshima Ibaki

Wapo vijana wetu wa Bariadi wenye vipaji vya kubuni nembo, lebo za bidhaa na mabango. Wanapotafuta ajira, hubeba bahasha ya kaki na kuzunguka ofisi hadi ofisi, wengine hadi Mwanza, na ndani ya bahasha mna vyeti tu. Cheti humwambia mwajiri kwamba kijana amesoma. Hakimwonyeshi anachoweza kufanya. Msanifu huajiriwa kwa kazi zinazoonekana, na siku hizi mahali pa kuzionyesha ni mtandaoni.

Wazazi wengi, hasa wenye mabinti, husita. Hofu yao tunaielewa, lakini ukurasa wa kazi si ukurasa wa kujianika. Kinachowekwa hapo ni nembo, si uso. Ni anwani ya barua pepe, si namba ya simu ya nyumbani. Binti aweza kupata kazi ya mtu wa Dodoma au Muscat akiwa kwao Bariadi, na stara yake isipungue.

Zipo tovuti, kama Behance iliyoanzishwa mwaka 2005, zinazopokea kazi za wasanifu bila malipo. Kazi sita au nane zilizo bora zatosha. Thelathini hafifu humchosha mwajiri. Kila kazi iambatane na maelezo mafupi: mteja alihitaji nini, mchoro wa kwanza ulikuwaje, na kwa nini ulibadilishwa. Hapo mwajiri huiona akili, si mkono pekee.

Na asiye na wateja je? Mkoa wa Simiyu umetoa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu, na kila bidhaa ya namna hiyo huhitaji boksi na lebo. Kijana na abuni lebo ya asali au ya mafuta ya alizeti, kisha aandike wazi kwamba hilo ni zoezi.

Hapo ndipo penye mtihani, kwani kunakili kazi ya mwingine na kuiita yako ni jambo la dakika moja. Wakulima wetu wa pamba wanalifahamu hili. Atiaye maji na mchanga ili pamba izidi uzito hupata fedha za siku moja, akaharibu jina la kijiji kizima. Kazi ya wizi ni pamba yenye maji: mwajiri akiomba faili la awali, aibu hufichuka. Kazi iliyofanywa na wengi, kijana ataje sehemu yake; kazi ya mteja, aombe ruhusa kabla ya kuionyesha. Hiyo ni amana.

Enyi wazazi, kabla ukurasa haujafunguliwa kwa watu, keti na mwanao, mpitie kazi moja moja, umwulize: hii umeifanya wewe? Akiweza kueleza alivyoifanya, mruhusu aionyeshe dunia.