Luga ya Ada: jeshi limeondoka, nani analipa?

Ndugu zetu walio Paris, wanaopanda metro ya laini 14, ile isiyo na dereva tangu 1998, wanabebwa na Ada bila kujua. Ni luga ya kompyuta. Kazi ya kuitunga iliongozwa na Mfaransa, Jean Ichbiah.

Mwenye kuiagiza alikuwa wizara ya ulinzi ya Marekani. Miaka ya 1970 ilikuwa na luga zaidi ya 450, fujo tupu, ndipo ikataka moja. Kanuni ilitoka 1983, shirika la ISO likaikubali 1987. Tena wizara ilishika jina lenyewe: wakati ule, kitafsiri kisichopita mtihani hakina ruhusa kuitwa Ada. Ni kali, lakini tunaona ilikuwa sawa. Mteja aliweza kubadili muuzaji bila kuandika kazi yote upya.

1997 wizara ikaacha kulazimisha Ada. Wauzaji wakapungua. Leo mbele iko AdaCore, sosiete ya New York na Paris, na kanuni mpya ya ISO ilitoka 2023. Hapo ndipo wasiwasi wetu uko: kanuni ni ya wote, lakini wanaoilipia ni wachache. Ndege inaruka miaka 30 ao zaidi. Sosiete inaweza kuuzwa kesho.

Kweli, kitafsiri cha GNAT kiko ndani ya GCC, bure, kila mtu anaweza kukifungua na kukisoma. Lakini nani atatia sahihi kwamba metro haitagonga? Huyo anataka mshahara.