Ratiba Iliyobandikwa Ukutani



Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wengi wetu tuligeuka walimu wa wadogo zetu bila kuulizwa. Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 Agosti. Wengine walingoja hadi Oktoba. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifunga tena milango ya shule za Goma na Bukavu, na meza ya chakula ikawa dawati kwa mara nyingine. Tunajua basi jinsi ratiba inavyobandikwa ukutani siku ya Jumatatu, na jinsi inavyokuwa imekufa kabla ya Alhamisi.

Maji hayajachotwa, umeme umekatika, mama yuko sokoni na mtoto mchanga analia. Tena tuseme wazi: mara nyingi anayefundisha ni dada, na ndiye huyo huyo anayepika na kubeba ndoo, huku kaka yake akidai utulivu ili asome vitabu vyake. Mwaka ule wa Korona tulikuwa pia na masomo ya redioni, Okapi École. Yalikuwa msaada mkubwa, lakini redio haimngojei mtoto aliyetumwa kununua makaa.

Tulipojiona tumechelewa, karibu sote tulifanya kosa moja: tulikimbiza kurasa. Kurasa nne za hesabu kwa jioni moja, mtoto akinakili tu. “Umeelewa?” “Ndiyo.” Kumbe alikuwa ameelewa jambo moja, kwamba neno ndiyo huleta mapumziko. Siku iliyofuata alishindwa kugawa maandazi sita kwa watoto watatu bila kuhesabu kwa vidole, nasi tukampandishia sauti, tukamwita mvivu. Uvivu ulikuwa wetu, maana hatukutaka kurudi nyuma kutafuta mahali alipoachia.

Na mahali hapo mara nyingi si katika hesabu. Katika madarasa ya mwanzo wadogo zetu hufundishwa kwa Kiswahili, kisha Kifaransa huchukua nafasi. Mtoto aliyepoteza miezi katika kipindi hicho hubaki katikati ya lugha mbili: anajua kugawa, ila hajui swali linamwomba nini. Kwa hiyo tunaona ni heri somo lielezwe kwanza kwa Kiswahili, kwa maandazi au kwa chenji ya sokoni, ndipo maneno ya Kifaransa yaje. Huonekana ni kupoteza wakati. Sisi tuliokimbiza kurasa tulipoteza zaidi.

Wako watakaosema kwamba programu ni programu, haipunguzwi. Lakini nchini mwetu viko vituo vya kufidia masomo, ambamo watoto waliokosa shule humaliza miaka sita ya msingi kwa miaka mitatu. Hilo haliwezekani bila kuchagua lililo la lazima na kuacha mengine. Ikiwa walimu wa kazi hiyo huchagua, kwa nini sisi wa mezani tuone haya?

Kwa aliye darasa la sita, hapo tunakiri ugumu: tarehe ya mtihani wa taifa haijali maji wala umeme. Huyo apewe Kifaransa na hesabu kwanza, na wazazi wamweleze mwalimu wake mapema pale mtoto alipokwama, wasingoje matokeo. Na kaka abebe ndoo.

Nyumbani mwetu ratiba ya zamani imebanduliwa. Nyuma ya karatasi ile ile tumeandika mambo mawili kwa kila siku: kusoma kwa sauti dakika ishirini, na hesabu tano. Siku ambayo maji ya bomba yanarudi na kila mtu anakimbilia foleni, tunafanya moja tu.