Alama si Mkasi

Mwalimu Nyerere, mzawa wa Butiama, mshairi na mfasiri wa Shakespeare, alijua thamani ya kunyamaza. Hotuba zake sasa zazagaa simuni, toka Bunda hata Musoma, vipande vipande: kimya kimekatwa, swali limetengwa na jibu lake, tarehe haipo. Huo si uhariri, ni uchinjaji. Na zana ipo, tena ya bure! Katika Audacity mhariri hutia alama penye pumzi ya msemaji, au huonyesha mwanzo na mwisho wa kifungu, akakipa jina na mwaka; sauti yenyewe haiguswi, na orodha ya alama huhifadhiwa kwa maandishi pamoja na sekunde zake, msikilizaji apate kurejea kwenye asili. Autoaye ubeti wa Muyaka bila kituo chake huzomewa. Huyu mbona apigiwa makofi?