Kushiriki na Kushirikishwa

Limeingia katika taarifa za afya ya jamii neno moja ambalo hutamkwa kwa upole, na huenda kwa sababu ya upole huo halijapata kushitakiwa. Neno hilo ni ushirikishwaji. Ni nadra kuona mpango wa kuzoa taka, kuchimba vyoo au kupiga vita kipindupindu usioahidi kwamba wananchi watashirikishwa. Mwanafunzi wa sarufi hana haja ya kwenda mbali ili aone kasoro. Ashirikiye hutenda, ashirikishaye humfanya mwingine atende, ashirikishwaye hufanywa. Kuhamasishwa, kuelimishwa na kuwezeshwa ni ndugu wa neno hilo, na katika ukoo huo wote mwananchi haanzi jambo lolote mwenyewe.

Itasemwa kuwa huu ni ubishi wa maneno. Laiti ungekuwa hivyo! Aghalabu mkutano huitwa saa nne ya asubuhi, watu wakiwa kazini. Mgeni hufika saa sita. Hotuba husomwa, karatasi ya mahudhurio hutiwa saini, na karatasi hiyo ndiyo itakayoshuhudia baadaye kwamba wananchi walishirikishwa. Mfereji uliozungumzwa ulikwisha kuchorwa zamani. Mama auzaye vitumbua kando yake, ajuaye maji hujaa wapi kila masika, hakuulizwa.

Na huyo asiyeweza kujipanga mpaka apangwe ni nani? Katika mitaa ya Dar es Salaam mna vyama vya kufa na kuzikana vyenye mwenyekiti, mweka hazina, daftari, na faini kwa mwanachama mzembe. Mna upatu, ambao haujangoja semina. Mna kamati za harusi zisomazo hesabu mbele ya watu wote na kumkumbusha hadharani mwenye ahadi asiyetoa. Kipindupindu kilipozuka mjini humo mwezi wa Agosti 2015, kikaenea mikoa mingi na kuvuka hata mwaka 2016, majirani walizika na kufariji kwa utaratibu wao wa siku zote. Yasadikika vipi kwamba watu wawezao kupanga mazishi ya jirani hawawezi kupanga namna ya kumwepusha na mauti?

Wapinzani wana hoja moja yenye nguvu, nayo yafaa ijibiwe kwa heshima: vijidudu havipigiwi kura. Mkutano hauwezi kuamua kwamba maji machafu ni safi. Ni kweli, na bwana afya ana elimu ambayo kijiji hakina. Lakini elimu ya kitu kimoja haimpi mtu mamlaka ya kila kitu. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973, yaonyesha tofauti hiyo. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vidogo, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu juu ya malaria, safura, kichocho na maradhi mengine, kisha wakajadiliana. Mtaalamu alieleza ugonjwa. Kikundi kilijiuliza kama ugonjwa huo umo kijijini, wapi, na kazi gani ianze. Palichimbwa vyoo kwa mamia ya maelfu, nyasi zikafyekwa, na madimbwi yakafukiwa. Hotuba peke yake haijapata kufanya kazi kubwa kama hiyo.

Walakini kampeni ile isisifiwe kupita kiasi. Ilianzia juu, katika serikali na chama, na ilikuja wakati ambapo serikali za mitaa zilikuwa zinavunjwa, kazi iliyoanza mwaka 1972. Kikundi kilipewa jembe bila daftari la fedha. Kiliweza kuchimba choo, lakini hakikuwa na baraza lake la kulidai dawa, wala la kuuliza kwa nini kisima hakikukarabatiwa. Hapo ndipo kushiriki kulipokatwa miguu. Mwaka 1978 mkutano wa mataifa uliofanyika Alma-Ata ulitangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Wajibu wa jembe ulipokelewa upesi. Haki ya kupanga ingali inabisha hodi.

Wala haibishi hodi kwa kukosa sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa wenye mamlaka ya juu ya kijiji katika mambo ya sera. Palipo na mkutano huo hapana haja ya kumshirikisha mtu, kwa maana mwenyeji hakaribishwi nyumbani kwake. Afisa ndiye mgeni, naye aje na elimu yake, aulizwe, ajibu, na asubiri uamuzi. Wanaoandika mipango ya afya na wajibu swali dogo: kabla ya mfereji kuchorwa, mkutano huo uliketi lini, na hesabu ya fedha ilisomwa na nani?