Waya wa Bahari na Ajira ya Vijana Wetu

Mwananchi wa Unguja awashapo taa jioni, ni nadra akumbuke kwamba umeme ule umevuka bahari. Tangu mwaka 1980 unatoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa waya uliolazwa chini ya maji. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na waya wa pili wa Unguja, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Aliyesahau thamani ya nyaya hizo na akumbuke kiza cha mwaka 2008, na kile cha miezi mitatu kilichoanza Desemba 2009.

Nyaya hizo hazikulazwa na meli zetu. Meli ya kazi hiyo haitii nanga. Husogea polepole mno, usiku na mchana, huku rafadha zake zikiishikilia njiani dhidi ya mkondo na upepo. Jenereta zikizimika ilhali waya unaning'inia tezi, meli huchukuliwa na maji na waya huweza kupindika au kukatika. Mwenye dhamana ya jenereta hizo, mafuta na mitambo yote ni injinia mkuu. Abiria hamwoni, lakini amana ya visiwa vizima imo mikononi mwake.

Je, kijana wetu hawezi kuifikia kazi hiyo? Anaweza. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kinafundisha uhandisi wa meli. Lakini darasa peke yake halitoshi. Kwa kanuni za kimataifa, afisa wa injini katika meli kubwa hawi injinia mkuu mpaka atimize miezi 36 ya kazi baharini, au 24 iwapo miezi 12 kati ya hiyo ameshika unaibu. Asiyepata nafasi melini hubaki na cheti mkononi, na bahari akaitazama kutoka ufukweni.

Kwa hiyo tunasema: mikataba ya nyaya mpya na ya matengenezo iwe na sharti la kuwachukua vijana wetu kwa mafunzo melini. Mashirika ya meli, ya umma na ya watu binafsi, nayo yatenge nafasi kila mwaka. Serikali isiliache jambo hili kwa hisani ya wageni.

Wazee wetu walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huko ngamani ndiko ziliko injini. Vijana wetu nao wawepo.